Mwanandani

Niliitengeneza Limbani, Wete, chumba cha uani,
juu ya meza ya cherehani ya mama,
kwa kompyuta ya Darajani iliyokwishakufa mara moja.
Herufi ya M haikubali mpaka uikandamize kwa ukucha.
Kila mauti, kila mama, kila maalim humo
yamepita kwenye ukucha wangu.

Umeme ukikatika nilikaa na joto la mashine mapajani,
nikinusa karafuu za jirani, zilizoanuliwa kwa hofu ya mvua.

Gemu yenyewe ni hii:
umekufa. Hapo ndipo pa kuanzia.
Una sanda, una koroboi, una ubao wa chuo usio na herufi,
na chini yako kuna ardhi saba.
Ukishindwa, vyumba vinajipanga upya.
Mlango wa jana leo kisima,
nyoka aliyekuwa mmoja wamekuwa watatu,
na ulichookota chote kinarudi udongoni.
Hakuna kuhifadhi.

Mie niliyeshindwa kuhifadhi Juzuu Amma,
nikafungwa falaka mbele ya wenzangu
nyayo zikaangalia dari,
nimeumba dunia isiyohifadhika.

Ardhi ya kwanza mchwa.
Ya pili majirani, kila mmoja na daftari la deni lake.
Ya tatu ina miba, na mlango unaokuuliza jina la mama yako;
ukilijua, unapewa makubadhi ya ngozi, kinga tano.
Ya nne sijaivuka mwenyewe bila kudanganya.

Ukianguka, kioo kinakuandikia:

*Umerudi mchangani,
huna kitu mkononi,
ulohifadhi ni nini
kisichokwisha na wewe?*

Ardhi ya saba amekaa mtu.
Sikumpa jina. Nilimpa bakora ya mtobwe
na kikohozi, nilichokirekodi usiku, mdomo kwenye simu.
Nilikohoa mie. Kilitoka chake.

Mama alichungulia, sindano mdomoni.
"Anayekufa humo anafufuka?"
"Anaanza tena."
"Basi hajafa huyo. Kazirai."

Halafu, Alhamisi moja, akaja Maalim Shaame
kufuata kanzu yake iliyotiwa viraka.
Jicho moja lina mtoto, la pili linakisia.
Sikuwahi kuzima sauti.
Kikohozi kikatoka kwenye mashine,
naye akasimama, kama aliyeitwa na mtu wa nyumbani kwao.

"Nani huyo mgonjwa?"

Cherehani ikanyamaza.

"Anakufa kwa mapigo mangapi?"
"Mia tisa, Maalim."

Akahesabu kwa kidole gumba, pingili kwa pingili,
akapotea njiani, akaanza upya.
"Mie sikukupiga yote hayo," akasema.
Kisha, akiwa mlangoni:
"Au?"

Aliondoka bila chenji yake. Ipo bado, chini ya kopo la vifungo.

Usiku ule nilimshusha nguvu: mia sita.
Arobaini. Kumi na mbili.
Kila tarakimu ilikuwa uongo wa namna yake.
Nikarudisha mia tisa.

Lakini niliongeza mistari michache, sikumwambia mtu:
ukifika ardhi ya saba, ukaweka koroboi chini,
ukavua makubadhi kizingitini
na ukaingia nyayo tupu, zilezile,
analaza bakora. Anasogea kwenye mkeka.
Anachukua ubao wako na kuandika alifu.
Alifu tu. Kisha anakohoa, anangoja uisome.

Hesabu inaniambia waliofika chini
ni watu mia nne na kumi na mbili.
Kumi na mmoja wa hapa Wete, mmoja Mtambwe,
wengine nchi ambazo usiku wao ni mchana wetu.
Wamemjia kwa moto, kwa chumvi, kwa mapanga,
kwa hila ambazo hata mie sikuzitia.

Wote wanaingia na makubadhi.

Na mie. Juzi, mara mbili.