Kilima Juu ya Sado

Hesabu tuliikuta darasani imeshanuna.
Ilikaa ubaoni kama mgeni aliyenyimwa chai,
x akimtafuta y, na sisi themanini na wawili
tukitafuta kengele.

Mimi nilikuwa hodari wa kunakili.
Ujazo wa pia: theluthi moja ya pai,
mara kipeo cha pili cha nusukipenyo, mara kimo.
Nilikariri kama mtu anavyokariri namba ya simu
asiyokusudia kuipiga.

Kisha akaja Mwalimu Perusi na ndala zake za bluu.
Leo chaki ipumzike, akasema,
akatuteremsha hadi mwaloni Igombe,
dagaa wameanikwa mpaka ufuko unaumiza macho,
na hapo nikatamani ardhi inimeze,
maana meza ya kwanza ilikuwa ya mama.

"Shikamoo, Mama Limi. Tuazime sado."
Mama akaifuta kwa pindo la kanga.
"Mtairudisha? Ndiyo mizani yangu."

Mwalimu akakunja manila ikawa pia,
akatoa kopo la maziwa ya unga alilolikata,
mdomo sawa na pia, kimo sawa na pia,
akachota mchanga mkavu.
"Pia ngapi zitajaza kopo?"
Wachuuzi wakaacha kufukuza yangeyange.
"Mbili!" akapaza Masolwa, dalali wa Shinyanga,
akaweka dau la soda.

Moja. Mchanga ukalala chini, kimya.
Mbili. Nafasi bado.
Tatu,
na kopo likajaa hadi ukingoni,
punje haikudondoka.

Theluthi ile niliyoibeba miaka miwili
kama kokoto kiatuni
ilikuwa mchanga tu. Tena ulikuwa na joto.

Masolwa akaenda kununua soda.
Mwalimu akageukia sado, akajaza apimavyo mama:
dagaa hadi mdomoni, halafu kile kilima,
maana mteja wa Igombe bila kilima haondoki.
Kilima kilifika nusu ya kimo cha ndoo.
Nusu ya theluthi.
"Moja ya sita," nikasema, na sauti yangu ikanishtua.
Yaani ukiuza sado sita,
ya saba imeondoka na wateja
bila kulipiwa.

Wachuuzi wakaguna. Mmoja akaanza kuhesabu miaka.

Mama aliishia darasa la nne.
Aliimwaga ndoo, akaigeuza,
akapitisha kiganja kitakoni, kisha mdomoni,
kama apapasavyo tumbo la mbuzi kabla ya kununua.
"Mwalimu, hii chini imebana, juu imepanuka.
Kopo lako limenyooka.
Basi ninachotoa bure
ni zaidi ya hicho mnachosema."

Nilitazama ndala za bluu. Sikuweza kutazama juu.
Mwalimu Perusi akachuchumaa,
akaizungusha ndoo taratibu mchangani,
akasema maneno ambayo sijapata kuyasikia kwa mwalimu:
"Umenipata. Zaidi kiasi gani, sijui.
Tupime."

Sijui. Tupime.
Ningekuwa na rangi ningeyaandika
ukutani mwa shule yetu,
pale palipofifia ile kaulimbiu
ambayo hata mkuu wa shule haikumbuki.

Mama hakuacha kuweka kilima.
Mkono mtupu haulambwi, alisema;
ila sasa alijua mkono wake una nini,
na bei ya sado ikapanda kidogo, kwa adabu,
na Masolwa akalipa.

Usiku ule umeme ulikatika.
Nikamkuta jikoni, sado katikati ya miguu,
akimimina maji kikombe baada ya kikombe,
akihesabu kwa Kisukuma, chini ya pumzi.
Alipotea baada ya kumi na saba.
Akamwaga. Akaanza upya.

Nilikuwa na kanuni mdomoni.
Nikaimeza,
nikamshikia taa.