Aliyeshika Swichi

Kapasita ilifika kwa posta Jumanne,
ndani ya boksi, ndani ya sufi, ndani ya boksi jingine,
kama jino la dhahabu la marehemu.
Ina mafuta, alisema Taisto, na karatasi, na utepe wa fedha.
Bei hakusema. Bei niliisoma mwenyewe
kwenye stakabadhi aliyoificha chini ya trei ya vijiko:
nusu ya kodi ya mwezi.

Ile ya zamani ilikuwa ya plastiki, ya njano, ya senti themanini,
na ilikuwa hai bado. Aliing'oa hivyo hivyo.
Moshi wa risasi ukapanda hadi dirishani.
Amplifaya ikapata moto, akaketi, akafumba macho.
"Raili, unasikia? Pazia limeondoka."
Niligeuka nikatazama. Mapazia yalikuwepo, yote mawili,
na yalinuka.

Ilpo wa ghorofa ya chini akaja na kahawa yake,
kwani yetu, husema, ni maji yaliyosikia habari za kahawa.
Miaka thelathini na mmoja, kiwandani Tampere, alipima unene wa karatasi;
kwake kisichopimika ni porojo.
"Mikrofaradi ni mikrofaradi. Umeme hausomi bei."
Taisto naye miaka hiyo aliendesha basi,
akijua gia inayougua kabla fundi hajainama.
"Sikio hili lilinilisha," akasema. "Usilitukane mezani kwangu."

Mwamba ngoma huvutia kwake,
na hapa ngoma moja, waambaji wawili.
Wakaona mimi ndiye nisiye na upande.
Ya njano ikarudishwa, Ilpo akafunga swichi:
juu njano, chini mafuta.
Wakanipa sarafu ya kurusha, wakanitundikia shuka,
nikakaa nyuma yake kama mpiga ramli.
Mara ishirini. Wao na penseli, mimi na selo ile ile
ikivuta pumzi ile ile kabla ya noti ya kwanza.

Nje theluji ilikuwa imemeza magari hadi vioo.
Mara ya nne sarafu ilibiringika chini ya friji.
Sikuifuata. Magoti yangu si ya mchezo huo.
Tangu hapo nikawa naibofya swichi mara mbili,
kwenda na kurudi, ili wasikie imelia,
nikisema "Tayari" kwa sauti ya mtu aliye kazini.
Kumi na sita mfululizo, njano tupu.

Nikasoma karatasi zao.
Taisto: ya saba imefunguka, ya nane ina vumbi,
ya kumi na moja utamu umerudi.
Ilpo, asiyeamini, ameandika pembeni kwa herufi za sisimizi:
ya kumi na nne, besi nzito kidogo?
Kisha akafuta. Lakini penseli yake ni ngumu,
na karatasi, ajuavyo yeye kuliko sote, haisahau ilipokandamizwa.
Ya kumi na sita wote wawili: SAFI.
Ndipo friji ilipozima.

Sisemi vyote ni sawa.
Mwaka juzi alichomelea rizista isiyo mahali pake,
spika ikakaanga samaki usiku kucha
hadi mtoto wa jirani akaamka analia.
Hiyo niliisikia bila karatasi wala sarafu.

"Haya, refa?" wakauliza.
Nikasema sarafu iko chini ya friji.
Wakalala kifudifudi, wazee wawili wenye soksi za sufi,
wakibishania tochi.

Usiku akaiwasha tena, chini chini, akidhani nimelala.
Selo ikavuta pumzi, na mimi chumbani
nikajikuta nimeibana yangu.
Swichi ilikuwa upande gani, nilijua.
Haikunisaidia kitu.

Asubuhi nikitafuta kijiko cha uji
stakabadhi ikachungulia.
Nikaisukuma ndani zaidi.