Macho ya Dubu

Kazi yangu ni kung'oa macho.
Usishtuke: macho ya dubu wa manyoya, ya wanasesere,
ya samaki wa mpira wa kuchezea bafuni.
Ghorofa ya pili, nyuma ya bandari ya Gdańsk,
nalivuta jicho kwa uzito wa kilo tisa
na kuhesabu hadi kumi.
Likishika, vema.
Likitoka, nalitumbukiza kwenye kibomba
chenye upana wa koo la mtoto,
na likizama lote naandika: hapana.

Tunaagiza kwa majina ya kubuni.
Mwezi huu mimi ni Bogna Wilk, mama wa mapacha,
mpenda bei ya chini.
Muuzaji huniandikia usiku wa manane:
Rafiki mpenzi, furaha yako ni jua letu.
Nimelitafuta jua hilo.
Jina lake ni herufi kumi na moja zisizo na irabu hata moja,
anwani yake ni chumba kisicho na mtaa.
Jumatatu tulimfungisha duka.
Alhamisi alikuwa na jingine, picha ileile,
dubu yuleyule, ameongezewa kofia.

Jumapili nikaenda kwa dada yangu, Halszka.
Alikuwa amepika supu ya bitiruti,
na chini ya meza Kostek, mwaka mmoja na miezi miwili,
alikuwa akitafuna sikio
la dubu mwenye kofia.

Kijiko changu kikaganda hewani.
"Zloti kumi na tisa," dada akasema kwa fahari,
"na wamemleta bure. Hapa dukani ni themanini.
Wewe na mshahara wako wa serikali..."
Hakumalizia.

Nilitaka kumwambia zile herufi mbili za lebo
huachiana nafasi, na hizi zimebanana
kama ndugu wanaogombania shuka.
Nilitaka kumwambia ameuziwa mbuzi kwenye gunia.
Lakini dada yangu husugua meli usiku,
kila zloti anaijua kwa jina.
Nimfundishe mimi kwamba rahisi ni ghali?

Nikasema tu: nipe huyo dubu.
Sikuwa na koleo wala mizani.
Kidole gumba na cha shahada.
Moja. Mbili.
Likanidondokea kiganjani, jeusi, limelowa mate,
na mguu wake mfupi kuliko punje ya mchele.

Kisha nikainua kofia, iliyoinamia kushoto.
Tundu, na uzi.

"Lile jingine liko wapi?" Halszka aliuliza,
na hakungoja jibu, alikwisha mshika mtoto,
kidole kinywani, chini ya ulimi, huku na huku,
Kostek analia, anamng'ata,
mimi natambaa kwa magoti, navuta zulia,
nahesabu bila kujua nahesabu nini.
Nilifika mia na arobaini.
Lilikuwa nyuma ya jiko, kwenye vumbi,
kando ya njegere iliyokauka.

Supu ilipoa. Hatukuila.
Halszka alitoa uzi mweusi na sindano
akamshonea dubu macho mapya,
moja kubwa kuliko jenzake, kama mtu anayeshuku jambo.
Akakata uzi kwa meno.
"Haya, wewe mjuzi," akasema bila kunitazama,
"wa zloti kumi na tisa, aliye salama,
nikamnunue wapi?"

Nikayaweka yale macho mawili mfukoni.
Njia nzima, ndani ya tramu,
yalikuwa yakigongana.