Amplifaya Mbili, Barabara ya Kumi na Nne

Nyuma ya spika kuna vishikizo vinne,
viwili juu, viwili chini,
na kati yao kijibati cha shaba, chembamba kama ukucha.
Miaka kumi na tisa nilidhani ni pambo.

"Hicho ndicho kinachokufunga," akasema fundi Hoza
wa Ngamiani, pasi ya solda mkononi,
moshi ukipanda kwenye picha ya timu iliyoshuka daraja.
"Kitoe. Ukikisahau, amplifaya zako zitakabana koo,
na mimi sitengenezi majivu."

Ninazo mbili. Moja ya baba, ya glopu:
dakika nzima kuamka, kama mwenyewe,
wati kumi na mbili, na joto la kukaushia leso.
Nyingine niliipata mnadani, ukumbi wa Chumbageni ulipofungwa,
lijitu jeusi, zito, lililopigia harusi hadi likakoma kuhesabu,
limeandikwa kwa rangi nyeupe MALI YA
na jina limekwanguliwa.

Ya baba nikaipa twita.
Jeusi nikalipa wufa.
Waya nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi,
ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Mwanasiti mlangoni, kaishika risiti ya luku:
"Yuniti sita zimebaki, na wewe umeongeza wa pili."
Nikamwambia hawa hawagombani, kila mmoja ana mlango wake.
"Ndivyo msemavyo wote," akasema. Akaketi.

Kweli hawakulingana.
Jeusi likinguruma, ya baba inanong'ona.
Nikageuza kitufe kiasi cha unywele,
nikarudisha nusu unywele.
Vikombe kabatini vikatetema, vikatulia.

Nikatia kaseti ya mama, harusi ya Makorora,
ile tunayoijua sote: ngoma mbele,
yeye nyuma kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya soko.
Nikalizima jeusi. Kwa kujaribu tu.

Ngoma ikatoka chumbani kama wageni walioshiba.
Akabaki mama.
Pumzi kabla ya ubeti. Bangili zikigongana.
Kisha, pembeni ya wimbo, bila kuimba:
"Mpeni mtoto maji, ana homa."

Mtoto ni mimi.
Homa yenyewe siikumbuki.
Nimeisikiliza kaseti hii tangu sijaota ndevu,
na siku zote hizo besi ilikuwa imeyakalia maji yangu.

Mwanasiti akarudisha nyuma. Tukasikiliza.
Akarudisha tena.
Yuniti tatu.

Halafu akanyoosha mkono, akaliwasha jeusi.
"Harusi bila ngoma ni msiba," akasema.
Ngoma ikarudi, mama akazama ndani yake,
ila sasa najua amesimama wapi.

Jirani akagonga ukuta, mara mbili.
Sijui alitaka tupunguze,
au turudie.