Neno Lililobaki Hilltown

Kazi yangu ni vijikaratasi vya hospitali.
Vinakuja kwa Kiingereza, vinaondoka kwa Kiswahili,
na kabla ya kuondoka vinaning'inia jikoni,
kwa sababu kampuni ilinipa miwani
na meza sikuwa nayo.

Ukiivaa, karatasi haidai meza.
Ukurasa wa kwanza niliuanika juu ya sinki,
wa pili dirishani, ukinyeshewa na mvua ya Dundee
bila kulowa.
Maelezo ya chini nilizoea kuyaweka juu ya birika.
Sentensi niliishika kwa vidole viwili
nikaivuta kama uzi wa mshono,
kitenzi kikatoka, nikakiegesha rafuni
kando ya chumvi.

Mwanahawa, binti yangu, hupita katikati ya aya
akitafuta mkate.
"Mama, nimekanyaga nini?"
"Madhara ya dawa. Pita tu."

Novemba kikaja kijikaratasi cha wagonjwa
ambao daktari hana tena cha kuwaponya.
Kiingereza kina neno lake, laini kama pamba.
Nikajaribu *kupunguza maumivu*: halikufika.
Nikajaribu *tiba shufaa*, wataalamu wanalipenda,
lakini Bwana Kitwana wa wadi ya nane
aliniuliza, akihema,
"Shufaa? Kwani nimeshahukumiwa?"

Neno alinipa Mwinyihaji, nesi wa zamu ya usiku,
kwa simu, huku akitafuna kitu.
Nikaliandika hewani kwa kidole, juu ya jiko,
herufi kubwa za manjano, nisilisahau.
Nikalisahau.

Januari tukahama.
Tulibeba magodoro, sufuria, zulia, hata balbu;
tuliacha pazia moja tu, la jikoni.
Kumbe miwani hukumbuka vyumba, haikumbuki watu.
Kule Lochee nikaivaa: kuta nyeupe kama sahani
iliyorambwa.
Mwinyihaji naye alikuwa ameshaondoka nchini,
na nambari yake sasa anapokea Mskoti mmoja mpole
ambaye kila nikipiga ananiomba radhi.

Basi Jumanne, saa kumi jioni, giza tayari,
nikashuka Hilltown, nikasimama kando ya mapipa ya taka
mbele ya dirisha lililokuwa letu.
Orofa ya chini. Taa inawaka.
Nikaivaa miwani kama mwizi anayevaa soksi usoni.

Ukuta ulibaki ukuta,
lakini kurasa zangu ziliwaka nyuma yake,
zimenipa mgongo,
mistari ikitembea kutoka kulia
kama daftari la madeni la babu dukani.
Kijana mwenye fulana ya mpira
alikuwa akikoroga supu chini ya neno langu.
Mvuke ulilipitia, hakulijua.
Akaonja, akakunja uso,
akanyoosha mkono rafuni
akachukua chumvi na kuacha kitenzi.

Nikasoma kinyumenyume, herufi kwa herufi,
midomo ikitetemeka kwa baridi:
i, r, i, t, i, s.

Sitiri.

Na chini yake, mwandiko wa mbio:
*kumsitiri mgonjwa. Kama nguo.
Nguo haiponyi mwili,
ila mwili ni wa mtu.*

Kijana akainua macho.
Akaona mwanamke barabarani
mwenye kisanduku cheusi badala ya macho,
amemkodolea.
Hakupiga kelele. Akaweka mwiko chini
akavuta pazia, polepole, mpaka mwisho.

Miwani haijali pazia.
Neno liliendelea kuwaka pale pale, na mengine pia:
figo, ridhaa, sindano, dozi mbili kwa siku,
ningeweza kusimama mpaka asubuhi
nikiyachuma yote.

Nikaivua.

Lilikuwa lile pazia letu, la maua yaliyopauka,
na nyuma yake kivuli kinachokula kimesimama.

Nikapanda basi la Lochee
nimelishika neno mdomoni kama peremende,
sikuliandika popote.
Dereva akaniuliza naenda wapi.
Nikamwonyesha kwa kidole.