Mpini

Alhamisi jumuiya ilikuwa zamu yangu.
Niliazima viti vinne kwa Bi Zuhura,
nikachemsha chai ya tangawizi.
Mwenyekiti akasema: tuuombee amani mji wetu wa Kasulu.
Tukaomba.
Jina la Nibigira hakulitaja mtu.

Nibigira fundi baiskeli,
aliyepimwa pua kwa macho,
akaambiwa: hesabu hadi kumi, tukusikie.
Hakufika mbali.
Kwenye mbili ulimi ulimchongea,
akasema mbiri.

Wanasema alipoanguka aliita Imana.

Imana!
Ndilo jina bibi yangu, Muha wa Heru,
alilolitaja akifukia maharage:
mbegu mbiri, Imana, mbegu mbiri.

Nilipovirudisha viti Bi Zuhura hakunikaribisha.
"Ijumaa imamu alishuka mimbarini," alisema,
"akauliza nani alikuwepo.
Wakasimama watatu.
Kwenu je?"

Kwetu tuliimba beti zote.

Usiku nikatazama nyuma ya mlango.
Jembe lipo.
Mpini haupo.
Mwanangu Yeremia kalala, au kajifanya,
viganja kavifumba
kama alipokuwa wa kubebwa mgongoni.

Jumapili, wakati wa matoleo,
wenzangu walibeba ndizi, chupa ya mawese, kuku.
Mimi nilibeba jembe lisilo mpini,
mwanangu nyuma yangu, macho sakafuni.
Padri akanyoosha mikono apokee.

Sikumpa.
Nilipita kando ya altare,
nikatokea mlango wa sakristia,
nikashika njia ya hospitali.
Nyuma yangu nilisikia ndara zake.
Sikugeuka kuhakikisha.