Zamu ya Usiku, Kasapa

Numbi aliacha jeli ya zirkonia ndani ya tanuru,
teketeke kama uji wa mgonjwa,
atomi zimekaa ovyo, soko la Kenya mvua ikinusa.

Digrii mia nne na hamsini: zikajipanga.
Elfu moja na mia mbili: zikahama mahali,
zikabanana, bega kwa bega.
Hapo umeme ukakatika,
Lubumbashi nzima ikawa mkaa.

Asubuhi kisahani kimekuwa vipande vitatu.
Mimi mlinzi nikasema, moto umekipasua.
Akacheka bila meno.
«Moto ndio uliokishika. Kimepoa, kikatanuka.»

Akavifunga katika karatasi ya daftari,
akaandika tarehe,
akaniuliza jenereta ya kina Yav
inakodishwa pesa ngapi kwa saa.